Nondo wa Nafaka: Kuwatambua Sokoni na Nyumbani

Nondo mdogo arukaye jikoni nyakati za jioni mara nyingi hudhaniwa kuwa ni nondo wa nguo, na mwenye nyumba hutia naftalini kabatini. Kwa kawaida mdudu huyo ametoka katika unga, mchele au mahindi. Naftalini ni sumu. Isiwekwe kamwe karibu na chakula.

Katika nchi za joto, nondo watatu ndio wasumbufu zaidi. Wa kwanza ni yule ambaye wataalamu humwita Sitotroga cerealella. Mabawa yake yana rangi ya nyasi kavu, na bawa la nyuma lina ncha iliyochongoka yenye matamvua marefu. Nondo huyu huweza kutaga mayai yake mahindi yakiwa bado shambani, hivyo gunia laweza kufika sokoni likiwa limekwisha kushambuliwa. Kiwavi hula punje moja kwa ndani, na kabla ya kugeuka nondo huchimba tundu la mviringo, akiacha ganda jembamba la punje likilifunika mithili ya kidirisha. Alama hiyo ndiyo imtofautishayo na fukusi, ambaye tundu lake huwa wazi. Kwa kuwa nondo hawezi kupenya chini sana katika nafaka iliyopukuchuliwa, mnunuzi aanze kukagua tabaka la juu. Baadaye achukue konzi kutoka chini, maana fukusi hujificha huko.

Wawili waliosalia ni Ephestia cautella, mwenye rangi ya kijivu, apendaye unga, karanga, kakao na matunda makavu. Na Corcyra cephalonica, wa kahawia hafifu, ambaye hupatikana zaidi katika mchele. Viwavi vyao hutoa nyuzi za hariri zinazogandisha unga au punje kuwa mabonge yenye kinyesi ndani yake. Mlaji akiona mabonge ya namna hiyo, hata kama hakuna kinachoruka, bidhaa hiyo asiinunue.

Waharibifu ni viwavi. Nondo aliyekomaa hali nafaka, kwa hiyo kupulizia dawa wale warukao hakuokoi chakula, bali hukitia sumu. Joto likiwa nyuzi 30 hivi, yai huweza kuwa nondo kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Unga wa kutumia miezi mitatu, tunaona, si ununuzi wa busara.

Mahindi ya kuhifadhi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13, kisha yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Vidonge vya fosfini visitumiwe kabisa ndani ya nyumba ya kuishi: gesi yake huua watu waliolala chumba cha pili.

Pakiti iliyofungwa kiwandani ikikutwa na viwavi au nyuzi, isitupwe. Ifungwe ndani ya mfuko mwingine, irudishwe dukani pamoja na risiti, na mnunuzi adai kubadilishiwa au kurudishiwa fedha.