Katuni za Kuangalia Likizo Hii, kwa Watoto na Kwetu Sisi Wakubwa



Likizo imefika. Watoto wako nyumbani, simu ya mama haipumui, na sisi tunaosaidia Utoto Mtakatifu parokiani tumeshaanza kuulizana tuwawekee watoto filamu gani Jumamosi. Jibu ninalolisikia sana ni hili: "Weka katuni yoyote, Frateri, si ni watoto?" Hapo ndipo ninapoomba tuelewane kabla sijataja hata moja.

Katuni ni namna ya kutengeneza picha, basi. Haikuambii inamfaa nani. Ni kama mtu akwambie ana kitabu: bado hujajua kama ni cha kuhesabu cha chekechea au ni riwaya ya vita. Aristotle angetuambia tusichanganye kitu kimetengenezwa kwa nini na kimetengenezwa kwa ajili ya nini. (Mnisamehe, shahada ya falsafa haijanitoka mwilini.)

Mfano mzuri uko Japani. Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja. Ya kwanza ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki: dada wawili wanahamia kijijini na baba yao, mama yuko hospitalini, na msituni wanakutana na dude kubwa lenye manyoya, pole kabisa. Mtoto wa miaka minne anaweza kuitazama akiwa amekaa mapajani pako. Ya pili ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Hiyo ni kaka wa miaka 14, Seita, na mdogo wake Setsuko wa miaka minne, mjini Kobe mwaka 1945. Mabomu ya moto yanachoma mji, mama yao anakufa kwa majeraha ya moto, na wao wanakufa njaa polepole. Sikuharibii utamu, kwa sababu filamu yenyewe inaanza na kifo cha Seita kwenye kituo cha treni.

Studio moja, siku moja, na picha za mtindo unaofanana. Ukiziona mbili hizo kwenye flashi ya rafiki, hutajua ipi ni ya Utoto Mtakatifu na ipi ni ya VIWAWA. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni rahisi: itazame wewe kwanza, yote, mpaka mwisho. Hii ya Takahata itazameni vijana wakubwa, tena pamoja, siyo mmoja mmoja usiku kitandani. Halafu mjadiliane kuhusu kiburi cha Seita. Angeweza kurudi kwa shangazi yake na kuomba radhi, hakurudi. Filamu inamhurumia, lakini haimtetei. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Na asikuambie mtu kwamba kuzungumzia katuni kanisani ni utoto. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 za kukumbukwa, na mojawapo ni Fantasia ya Disney ya mwaka 1940. Katuni hiyo.

Sasa twende kwenye ile ninayoipendekeza kuliko zote. Inaitwa Inside Out, ya Pixar, 2015, imeongozwa na Pete Docter. Msichana wa miaka 11, Riley, anahama na wazazi wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco. Karibu hadithi yote inatokea ndani ya kichwa chake, ambako hisia tano zinaendesha mambo: Furaha, Huzuni, Hofu, Hasira na Kinyaa. Furaha ndiye kiranja, na kazi yake kubwa ni kumzuia Huzuni asiguse kitu. Na nje, mama yake Riley anamwomba aendelee kuwa mchangamfu, maana baba ana mawazo ya kazi. Amemwomba kwa upendo kabisa, lakini mtoto anabaki hana pa kulilia.

Hebu tuwe wakweli, jamani. Kwetu hilo tunalifanya msibani kila siku. Mwaka juzi tulikuwa na msiba katika ukoo wetu, baba wa familia. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka tisa. Niliwasikia wakubwa wakipishana mbele yake, mmoja baada ya mwingine: "Jikaze, wewe ndiye baba sasa. Ukilia mama atalia." Yule mtoto akajikaza kweli. Hakulia makaburini, hakulia kwenye arobaini. Akaanza kukojoa kitandani.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwao likizo, tukaangalia Inside Out kwenye kompyuta yangu. Kuna mahali rafiki wa kufikirika wa Riley, anaitwa Bing Bong, anapoteza kigari chake alichokipenda. Furaha anamchekesha, anamtekenya, anamwambia twende, tutachelewa. Bure. Huzuni anakuja, anakaa chini pembeni yake, anamwambia tu kwamba anajua kile kitu alikipenda. Bing Bong analia (machozi yake ni pipi, watoto wanacheka sana hapo), halafu anainuka na safari inaendelea. Yule mtoto aliniuliza bila kuniangalia: "Kwa hiyo akilia haharibu?" Nikamwambia haharibu. Nikamwambia Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro, na watu wote walimwona. Tukasimamisha filamu pale. Hatukuimaliza siku hiyo, na haikuwa na shida.

Wanaopenda vitabu watafurahi kujua kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliandika jambo hili katika karne ya 13. Katika Summa Theologiae, swali la 38 la ile sehemu anayozungumzia hisia za binadamu, anauliza huzuni inatibiwa na nini. Dawa zake ni hizi: kitu chochote cha kupendeza, kulia machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho kabisa kulala usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Mwalimu mkuu wa Kanisa anakwambia ukiwa na huzuni nenda kaoge, ulale. Kuhusu machozi anasema jambo lenye kubaki ndani huumiza zaidi, na likitoka maumivu hupungua. Na kuhusu marafiki, anasema huzuni ni kama mzigo: ukiona wengine wanahuzunika pamoja nawe, ni kana kwamba wanaubeba upande mmoja. Kile Huzuni anachomfanyia Bing Bong ndicho hicho hicho.

Hata hivyo nina ugomvi na filamu hii, na vijana wa sekondari waambiwe. Ukiitazama haraka utadhani mtu ni mashine inayoendeshwa na vijitu vitano vilivyokaa kwenye mitambo. Sasa Riley mwenyewe yuko wapi? Nani anaamua? Thoma anahesabu hisia kumi na moja, lakini juu yake anaweka akili na utashi. Hasira siyo dhambi ikija yenyewe. Swali ni unaifanyia nini ikishakuja. Muulizeni kijana aliyempiga mdogo wake akasema "hasira ilinipanda": ilikupanda, sawa, na wewe ulikuwa wapi?

Kwa wanaopenda mfululizo mrefu, kuna Avatar: The Last Airbender. Ilirushwa Marekani kuanzia 2005 hadi 2008, sehemu 61, na mtoto wa miaka tisa kwenda juu anaifuata vizuri. Kabla ya yote niseme hivi: ulimwengu wa hadithi hii umejengwa kwa mawazo ya dini za Asia, na Avatar mwenyewe ni mtu anayezaliwa tena na tena katika miili tofauti. Sisi hatuamini hivyo. Tunaamini mtu anaishi mara moja, anakufa, anakutana na Mungu wake. Waambie watoto waziwazi, bila kuwatisha, kisha endeleeni kutazama. Mtoto aliyeelezwa hachanganyikiwi. Anayechanganyikiwa ni yule aliyeachwa peke yake na skrini.

Ninayemtaka mimi pale ni Zuko, mwana wa mfalme. Baba yake alimuunguza uso na kumfukuza nyumbani akiwa na miaka 13, na tangu hapo maisha yake yote ni kutafuta namna ya kumfanya baba ampende. Anayesafiri naye ni baba yake mkubwa Iroh, mzee wa chai na utani, ambaye alimpoteza mwanawe vitani. Zuko anambadilikia mzee huyu kwa usaliti mbaya kabisa. Anarudishwa nyumbani, anapewa heshima yote aliyoililia, na hana amani. Mwishowe anaondoka kwa baba yake, na karibu na mwisho wa hadithi anaingia kwenye hema la Iroh kuomba msamaha. Anamkuta amelala, anakaa usiku kucha akimsubiri aamke. Ameshaandaa maneno yake. Mzee anaamka, Zuko anaanza kusema huku analia, na kabla hajamaliza Iroh amemvuta na kumkumbatia.

Fungua Luka 15 uisome polepole. Mwana mpotevu naye aliandaa hotuba akiwa kwa nguruwe, na sentensi ya mwisho ilikuwa kuomba afanywe kama mmoja wa vibarua. Angalia anapofika kwa baba: sentensi hiyo haifiki. Baba ameshaita watumishi walete vazi. Wengi tumesoma Injili hiyo miaka yote bila kuona kwamba hotuba ilikatwa.

Mimi naitumia sehemu hiyo kuwaandaa vijana kwa kitubio. Lakini kuna kundi moja linaloguswa zaidi, na ni vizuri anayeongoza majadiliano alijue: ni wale ambao nyumbani baba ni fimbo na matusi. Mmoja aliniambia kwamba akifika kwenye "Baba Yetu" ananyamaza, anaanzia mstari unaofuata. Kwa kijana wa namna hiyo mwana mpotevu ni hadithi ya mtu mwingine, kwa sababu hajawahi kumwona baba anayekimbia kumpokea mtu. Kwa Zuko anaona vyote viwili, baba aliyemuunguza na mzee aliyemkumbatia, na anaona kwamba yule wa kwanza si kipimo cha ubaba. Sikumlazimisha aseme neno. Nilimpa tu sehemu za mwisho azitazame.

The Prince of Egypt (DreamWorks, 1998) naipendekeza kwa kila mtu, ila iendane na Biblia mkononi. Filamu yenyewe inakiri mwanzoni kwamba imejipa uhuru wa kisanaa. Basi lifanyeni kuwa zoezi: watoto wasome Kutoka sura ya 2 kwanza, kisha watafute tofauti. Nani alimwokota Musa majini, malkia au binti Farao? Yule Mmisri alikufa kwa ajali kama kwenye filamu, au Musa aliangalia huku na huku kwanza? (Hapo filamu imempaka Musa mafuta kidogo, na mimi naona Biblia ni jasiri zaidi.) Farao anaitwa nani kwenye Kutoka? Watahangaika, maana hatajwi jina. Na Haruni, ambaye ndiye msemaji, huku amefanywa karibu mpita njia. Jambo moja sitalisahau: baada ya pigo la mwisho, Farao amembeba mwanawe aliyekufa, anawaachia watu waende, na Musa anatoka nje anaegemea ukuta analia. Ameshinda, na analia kwa ajili ya Wamisri. Watoto wadogo sana watatishwa na usiku ule, kwa hiyo miaka minane na kuendelea.

Wachumba mnaohudhuria mafundisho ya ndoa, tazameni dakika kumi za mwanzo za Up (Pixar, 2009). Ndoa nzima ya Carl na Ellie inapita karibu bila neno: nyumba, akiba inayovunjwa kila mara kwa dharura, mtoto ambaye hakupatikana, uzee. Tafuteni nakala isiyotafsiriwa na wale ma-DJ wetu. Nawapenda, wananivunja mbavu, lakini pale ukimya ndio hadithi yenyewe. Halafu kila mmoja amwambie mwenzake kwa uaminifu: tusipopata mtoto, itakuwaje? Ni afadhali swali hilo liulizwe sasa kuliko liulizwe na mawifi.

Kwa wadogo kabisa msiende mbali. Akili and Me na Ubongo Kids zinatengenezwa Dar es Salaam, zipo kwa Kiswahili, na hesabu zinaimbwa mpaka wewe mkubwa unazishika. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi, kwa michoro iliyofuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wetu, na inasimulia kwa nini tembo ana mkonga na mengine kama yale ya bibi.

The Lion King ya 1994 sina haja ya kuitangaza. Ila watoto wakiimba "hakuna matata" waulizeni: Simba alipokuwa akiuimba wimbo huo, nyumbani kwao kulikuwa na nini? Kulikuwa na njaa.

Sisi Jumamosi tunaanza na Musa, saa nane mchana baada ya kusoma Kutoka 2. Mnaokuja kusaidia njooni na mikeka, na mwenye spika kubwa aitoe kwa moyo, maana ya parokia inakoroma.