Mbio za Sekunde Nne Hazidaki Mpira

Wanachuo wenzangu, kwenye kozi ya upimaji tunaambiwa kila siku kwamba mtihani unapima kile tu ulichotungwa kupima. Mimi hili nililielewa vizuri nilipoanza kufuatilia futiboli ya Marekani.

Kila mwaka, kabla timu za NFL hazijachagua wachezaji kutoka vyuoni, vijana wanapimwa mjini Indianapolis: mbio za yadi 40 (kama mita 36 na nusu), kuruka, kunyanyua kilo 102, na mbio za kugeuka. Shida inakuja kwa anayebadilishiwa namba. Namba mpya hajaicheza, kwa hiyo vipimo ndivyo vinageuka kuwa cheti chake.

Chukua wawili waliokuwa makwotabeki chuoni, yaani warushaji wa mpira, wakahamishiwa upokeaji. Mwaka 2005, Matt Jones, mwenye urefu wa mita 1.98 na kilo karibu 110, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.37. Watu wakapagawa, Jaguars wakamchukua nafasi ya 21. Alicheza misimu 4 tu, ingawa na mambo ya nje ya uwanja yalichangia. Mwaka 2009, Julian Edelman hakualikwa hata Indianapolis. Patriots wakamchukua nafasi ya 232. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa Super Bowl, Februari 2019.

Je, vipimo ni bure? Hapana. Edelman alipopimwa kwingine, mbio za kugeuka (yadi 5 huku, 10 kule, 5 kurudi) alizimaliza kwa sekunde 3.91. Na kazi aliyopewa ilikuwa hiyo hiyo: kugeuka ghafla katikati ya msongamano. Kipimo chake kilifanana na kazi yake.

Kwa hiyo ukisoma matokeo, jiulize maswali matatu. Namba mpya inadai nini hasa? Unamlinganisha na nani? Kasi inayomshangaza kila mtu kwa kwotabeki inaweza kuwa ya kawaida tu kwa wapokeaji. La tatu, atapewa muda gani wa kujifunza? Saa ya mkononi haipimi kudaka wala kusoma mabeki. Edelman mwenyewe aling'ara msimu wa 2013, baada ya miaka minne ya kusubiri.

Nakiri, hili linanigusa. Ualimu sikuuchagua, alama za kidato cha sita ndizo zilinibadilisha namba. Mwaka wa kwanza nilijiona nimefeli maisha. Mazoezi ya kufundisha ndiyo yalinionyesha kwamba naweza kusimama mbele ya darasa la watoto themanini na wakanisikiliza. Hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kuniuliza hilo.

Kesho ukipewa rundo la karatasi usahihishe, mtoto akipata 30 ya hesabu, andika 30. Usiongeze kwamba hafai.