Mtihani wa Kiingereza kabla ya chuo: maswali ya vijana wa Kimironko

Ukizunguka soko la Kimironko, hapa Kigali, kutafuta viazi na dagaa, utasikia lugha nne kabla mfuko haujajaa. Kinyarwanda ndicho mwenyeji. Kiswahili kimekuja na Wakongomani, Warundi na Watanzania, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda pia. Kifaransa kimebaki kwa waliosoma zamani na kwa waliotoka Goma au Bujumbura. Kiingereza ni cha shule, tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba ndicho kitakachotumika kufundishia. Kijana wa hapa basi si mgeni wa Kiingereza. Lakini akiomba nafasi ya chuo nje ya nchi anadaiwa cheti cha mtihani, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea.

Nimesoma sekondari yote kwa Kiingereza. Kwa nini nidaiwe cheti tena?

Kwa sababu wanaokudai hawakujui, wanaijua nchi yako tu. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi uthibitisho wa Kiingereza wanapoomba viza. Rwanda haimo, na wala Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, ingawa watoto wa nchi hizo hufanya mitihani yao ya fizikia kwa Kiingereza.

Chuo chenyewe, hata hivyo, kina uhuru wake. Vyuo vingi hupokea barua ya shule au ya chuo ulichomaliza inayosema kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na baadhi ya vyuo vya Uingereza hupokea alama ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, bila mtihani mwingine. Hivyo hatua ya kwanza si kujiandikisha kwa mtihani. Iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, uulize wanapokea mitihani gani, wanataka alama ngapi kwa jumla na ngapi kwa kila sehemu, na kama barua ya shule inatosha. Barua pepe haina gharama. Mtihani wa IELTS unazidi dola 200, na ada hiyo hairudi kwa sababu tu umegundua baadaye kwamba chuo hakikuuhitaji.

Usidhani pia kwamba suala hili ni la wanaopanda ndege tu. Carnegie Mellon University ya Marekani imekuwa ikifundisha shahada za uzamili Kigali tangu 2012, na nayo huwaomba uthibitisho waombaji ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Nichague upi: IELTS, TOEFL au Duolingo?

Chagua ule ambao chuo chako kinaupokea. Kama yote mitatu inapokelewa, angalia mfuko wako na hali ya nyumba yako.

IELTS ulianza 1989 na unasimamiwa na British Council, IDP na Cambridge. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, na kuzungumza na mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Kwa masomo ya chuo unahitaji ule wa Academic, si General Training. Anayekosea hapo hulazimika kulipa upya. Kuna pia IELTS for UKVI, wenye maswali ya aina ileile, ila unafanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Kwa shahada ya chuo kikuu chenye leseni ya kudhamini wanafunzi, mara nyingi IELTS wa kawaida unatosha chuo kikiukubali. Uliza kabla ya kulipa.

TOEFL ni wa shirika la ETS la Marekani. Kwa miaka mingi alama zake zilikuwa 0 hadi 120. Tangu Januari 2026 umebadilishwa: kipimo sasa ni 1 hadi 6, alama ya zamani ikiendelea kuoneshwa kwa kipindi cha mpito, na maswali ya kusoma na kusikiliza hubadilika ugumu kulingana na unavyojibu. Kwa hiyo kitabu cha TOEFL cha mtumba, hata kiwe kizuri namna gani, kinakuandaa kwa mtihani ambao haupo tena.

Duolingo English Test unafanyika nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, unachukua kama saa moja, alama zake ni 10 hadi 160, na matokeo hutoka ndani ya siku mbili. Ni wa bei nafuu kuliko wenzake. Tatizo ni huko nyumbani kwenyewe. Sheria inataka uwe peke yako chumbani, macho yasitoke kwenye skrini, masikio yaonekane, hedifoni hairuhusiwi, na mtu yeyote akiingia mtihani unaweza kufutwa. Anayeishi kwenye nyumba za kupanga zinazotazamana, mlango mmoja una fundi cherehani na mwingine una watoto wanaotoka shule saa saba, anajua ugumu wa kupata saa nzima ya kimya. Azima chumba, waambie majirani mapema, na uchague saa ambayo umeme na intaneti havikusumbui. Kumbuka pia kwamba maombi ya viza ya Uingereza yanayodai mtihani ulioidhinishwa na serikali hayaupokei Duolingo.

Mitihani hii mitatu inafanana kwa jambo moja: matokeo hutambuliwa kwa miaka 2. Aliyefanya mapema mno, akingoja ufadhili usiokuja, anarudi kulipa.

Chuo kinataka 6.5. Hesabu yake inakwendaje?

Katika IELTS kila sehemu hupewa alama 0 hadi 9, kisha nne zinajumlishwa na kugawanywa kwa nne. Wastani ukiishia na .25 unapandishwa hadi nusu inayofuata; ukiishia na .75 unapanda hadi namba kamili. Tuseme umepata 6.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 5.0 kuandika na 7.0 kuzungumza. Jumla ni 25, wastani 6.25, na cheti kitaandikwa 6.5. Unafurahi, unatuma, chuo kinakukatalia, kwa sababu tangazo lilisema 6.5 na isiwepo sehemu iliyo chini ya 6.0. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi namna hii. Katika baadhi ya vituo unaweza kurudia sehemu moja tu badala ya mtihani mzima. Uliza kituo chako kabla hujalipia yote upya.

Mimi nimesomea Goma kwa Kifaransa. Nitapoteza alama wapi?

Hapa tukae kidogo, maana alama nyingi hupotea kwa mazoea kuliko kwa kutojua lugha.

Anza na kusikiliza. Sauti inapigwa mara moja tu. Sehemu ya kwanza huwa mazungumzo ya kawaida, labda mtu anapiga simu kuulizia chumba cha kupanga, na anayejibu anamtajia jina la mtaa herufi moja moja. Chukua jina la kubuni, Jageri. Kwenye sauti utasikia: jei, ei, ji, i, ar, ai. Sikio la Mswahili likisikia "i" mkono unaandika I, kumbe ni E. Aliyekulia kwenye Kifaransa ana mtego wa pili, kwa sababu G na J za Kiingereza zinamjia kinyume na alivyofundishwa. Akisikia "ji" anaandika J. Herufi moja ikikosewa jibu lote ni sifuri. Dawa yake ni ndogo hadi inaudhi: mtu akutajie majina, namba za simu na anwani kila siku kwa dakika kumi, mpaka mkono uandike bila kushauriana na kichwa.

Kompyuta nayo ina mtego. Vibodi vingi vilivyofika kwetu kutoka Ubelgiji na Ufaransa vimepangwa kwa mtindo wa AZERTY: A ipo mahali pa Q, Z mahali pa W, M imehamishwa, na namba haziandikiki bila kubonyeza kitufe kingine. Chumba cha mtihani kina QWERTY. Una dakika 60 za kuandika kazi mbili, moja ya maneno yasiyopungua 150 na nyingine 250. Usizimalizie kutafuta herufi. Badili mpangilio wa kompyuta unayofanyia mazoezi leo.

Kazi ya kwanza ya kuandika hukupa grafu au jedwali. Ukiona 1,500 usisome moja na nusu kama ulivyozoea kwa Kifaransa. Ni elfu moja na mia tano. Kazi ya pili, insha, ina uzito mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo ipe kama dakika 40.

Kuzungumza kunatisha kuliko kunavyostahili. Lafudhi yako haikatwi alama, iwe ya Bukavu au ya Huye. Kinachokatwa ni pale mtahini anaposhindwa kuelewa. Wazungumzaji wengi wa Kinyarwanda hubadilisha L na R, na hapo anayesema amekula wali (rice) anasikika amekula chawa (lice). Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", basi mama yako anageuka "he" katikati ya sentensi. Na ile saa yetu: ukimwambia mtahini kwamba unaamka "at twelve", ukiwa na maana ya saa kumi na mbili asubuhi, ataandika moyoni kwamba unalala mpaka mchana.

Katika sehemu ya pili ya kuzungumza unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika mbili. Watu wetu, waliolelewa kujibu wakubwa kwa kifupi, husimama baada ya sekunde 30. Hiyo ni adabu nyumbani, lakini mtahini anahitaji kusikia lugha ili aipime. Simulia.

Je, nikariri insha zilizoandikwa tayari?

Hapana. Wasahihishaji wanazijua. Insha hupimwa kwa mambo manne yenye uzito sawa: umejibu swali, mawazo yamepangika, msamiati, na sarufi. Insha ya kukariri huanguka kwenye lile la kwanza, kwa sababu haikuandikwa kwa swali lako. Utaziona nyingi kwenye simu, kutoka India na China. China hasa ina utamaduni mzito wa mitihani hii: wanafunzi wa vyuo vikuu vyake hufanya mtihani wao wa taifa wa Kiingereza, CET, tangu 1987, kila Juni na Desemba, alama ya juu ikiwa 710. Kilicho chema kuiga kwao ni kurudia msamiati kila siku bila kuchoka. Violezo vya insha waachie.

Na mimi ninayekwenda kusoma China?

CET haikuhusu; ni ya wanafunzi waliokwisha kuingia vyuo vya huko. Kozi ikifundishwa kwa Kiingereza, chuo kitadai IELTS, TOEFL au barua ya lugha ya kufundishia. Ikifundishwa kwa Kichina, utadaiwa HSK, mtihani wa Kichina, na huo unaweza kujiandaa nao hapa Kigali kupitia Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Rwanda.

Kozi ya wiki mbili inatosha?

Inatosha kuujua mtihani: maswali yanakujaje, muda unagawanywaje, kwamba jibu la kubahatisha halikatwi alama katika IELTS na hivyo usiache pengo. Haitoshi kukupandisha kutoka 5.5 hadi 6.5. Hiyo ni kazi ya miezi. Kabla ya kulipia darasa lolote fanya jaribio kamili la bure lililotolewa na wenye mtihani, kwa saa ya ukutani, upime ulipo. Mwalimu anayekuahidi 7 kabla hajakusikia ukizungumza, mpite. Kwa wasio na pa kusomea, Maktaba ya Umma ya Kigali pale Kacyiru ina meza, vitabu na utulivu.

Kuna mtu anauza cheti bila kufanya mtihani. Ni kweli?

Ni utapeli. Vyuo huhakiki namba ya cheti moja kwa moja kwa watoaji, na Duolingo hurekodi uso na sauti yako. Utapoteza pesa, na ukigundulika unaweza kufungiwa milango ya vyuo na viza.

Siku ya mtihani nibebe nini?

Pasipoti ileile uliyojiandikishia, isiyokwisha muda, jina likiwa limeandikwa sawasawa na kwenye fomu. Raia wa Kongo au Burundi aliye Kigali asitegemee kitambulisho cha taifa lake; na mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi akiulize kituo kwa maandishi, kabla ya kulipa, kama inapokelewa. Simu na saa ya mkononi vitabaki nje. Barabara ya kutoka Kimironko hujaa asubuhi, basi ondoka mapema kuliko unavyoona inatosha.

Sikuridhika na matokeo. Nifanyeje?

IELTS unaruhusu kuomba usahihishaji upya ndani ya wiki 6, kwa ada, na alama ikipanda ada inarudishwa. Inafaa kwa kuandika na kuzungumza, ambako hukumu ni ya binadamu, na pale ulipokosa nusu alama tu. Kusoma na kusikiliza kuna majibu yanayojulikana, hivyo alama zake ni nadra kubadilika. Pesa hiyo iweke kwa mtihani unaofuata.