Mkopo wa Chuo Huanzia kwenye Jina: Mwongozo kwa Familia za Nyakunguru

Katika nyumba nyingi za Nyakunguru, wilayani Tarime, karatasi zote za familia hukaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni, chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati: kadi za kliniki, cheti cha ubatizo, matokeo ya darasa la saba, risiti za michango ya shule. Mtoto anapofaulu kidato cha sita, mfuko huo una uzito sawa na zizi la ng'ombe. Naandika ili ufunguliwe mapema.

Kilichobadilika

Baada ya uhuru, aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu alisomeshwa na Serikali: ada, chakula na kitanda. Uchumi ulipobana, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaanza uchangiaji wa gharama. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Tangu hapo kuchaguliwa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jingine. Chuo nacho hutegemea ada, kwa hiyo asiyelipa hukwama kwenye usajili au mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari walipitia mageuzi kama hayo mwaka 2023, Kenya ilipoanza kuwagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamewekwa kundi lisilo lao.

Kwetu fungu la mikopo limekua, kutoka shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25. Hata hivyo, si kila anayeomba hupata, na anayepata si lazima apate kila kitu. Bodi haiwezi kufika Nyakunguru kuona paa lako wala shamba lako la mihogo. Inachokiona ni karatasi zako. Umaskini usioandikwa haupo kwenye mfumo.

1. Linganisha majina herufi kwa herufi

Hapa ndipo watoto wetu wengi huumia. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Boke. Cheti cha kuzaliwa kinasema Bhoke. Cheti cha kidato cha nne kina Bhoke Mwita. Kitambulisho cha baba kinasomeka Mwita Chacha, ilhali kwenye cheti cha mtoto baba ni Chacha Mwita. Nyumbani kila mtu anajua ni binti gani na baba yake ni nani. Kwenye kompyuta hawafahamiani. Ni hivyo hivyo kwa Ghati na Gati, Rhobi na Robi.

Fanya kazi hii mtoto akiwa kidato cha tatu, usingoje matokeo. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au mtandaoni, kisha RITA hukihakiki kwa ajili ya maombi ya mkopo. Majina yakitofautiana, muulize wakili kama inatosha hati ya kiapo au inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Mtoto akitimiza miaka 18, afuatilie mara moja namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), maana bila hiyo ni vigumu kupata laini ya simu au akaunti ya benki kwa jina lake.

2. Uhitaji uwe na cheti

Yatima hutambuliwa kwa cheti cha kifo cha mzazi. Wengi wetu tumezika, tukaomboleza, tukasahau kusajili. Anza na kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji, uvipeleke kwa msajili hata kama miaka imepita. Ulemavu wa mwombaji au wa mzazi huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF ihifadhi namba zake, na aliyesomeshwa sekondari na mfadhili aombe barua ya ufadhili huo. Usidanganye. Ukisema wewe ni yatima na baba yako yu hai, unachukua nafasi ya yatima wa kweli, na ukigundulika unapoteza yote.

3. Chagua kozi ukiwa na kalamu ya hesabu

Udahili huombwa chuoni moja kwa moja, mkopo huombwa Bodi. Ni milango miwili, na yote hutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne. Tumia namba ile ile kwenye milango yote miwili. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba zaidi ya moja azitaje zote panapoulizwa.

Kabla ya kuandika jina la chuo, tafuta ada yake na ujiulize: nikipewa nusu tu, nusu nyingine itatoka wapi? Kama jibu ni "Mungu atajua," chagua pia chuo chenye ada nafuu. Waliofaulu sana sayansi wafuatilie ufadhili wa Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23. Na usidharau stashahada: tangu 2023/24 baadhi ya fani zake, zikiwemo za afya na ualimu wa sayansi, zina mkopo.

4. Jaza fomu mwenyewe

Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, na ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000. Kijana wa steshenari anaweza kukusaidia kuskani, lakini namba ya simu, barua pepe na nywila viwe vyako, si vyake. Fomu huchapishwa ikasainiwa na wewe, mdhamini, kiongozi wa kijiji na kamishna wa viapo, kisha hupakiwa tena kwenye mfumo. Kurasa za saini ndizo husahaulika zaidi. Usipeleke fomu kusainiwa siku tatu kabla ya mwisho, kwani mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao na mtandao ukawa chini.

5. Awamu ya kwanza si hukumu ya mwisho

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu. Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja mapema. Ukikosa mkopo, au ukipewa kidogo, subiri dirisha la rufaa. Rufaa nzuri haina malalamiko marefu. Huleta karatasi ambayo haikuwepo mwanzo.

6. Nenda na fedha ya mwezi wa kwanza

Fedha ya kujikimu, yaani bumu, haikungoji kituo cha basi. Lazima usajiliwe, usaini, usubiri. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, nayo hulipwa mlangoni. Mzazi, kama kuna ng'ombe wa kuuza, uza mapema. Ng'ombe anayeuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

Kiwango cha chakula na malazi kilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Anayepewa kiwango kamili hupata 600,000 kwa siku 60. Toa 100,000 ya chumba na 80,000 ya vifurushi na nakala za masomo. Zinabaki 420,000, yaani 7,000 kwa siku. Hiyo inatosha kula, haitoshi kununua simu mpya wiki ya kwanza. Na sisi wa nyumbani tusimpigie mtoto kuomba mchango wa msiba au wa harusi. Bumu si mshahara, ni deni lake.

7. Lijue deni kabla ya kulisaini

Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa mwaka 2016. Mwenye mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Zamani deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kulinda thamani ya fedha. Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo. Nafuu hiyo ni kubwa, ila deni lenyewe lipo palepale. Omba unachohitaji, na kilipe, maana marejesho hayo ndiyo humsomesha mdogo wako.

Anza Jumamosi hii

Toa mfuko wa nailoni chini ya godoro. Tandaza karatasi zote mkekani. Mtoto asome kila jina kwa sauti, herufi moja moja, nawe mzazi ushike kitambulisho chako mkononi. Pale herufi zinapoachana, weka alama kwa kalamu. Jumatatu, mpeleke mtoto kwa mtendaji wa kijiji akiwa na orodha ya alama hizo.