SOMO LA VIKUNDI: KOMPYUTA YA PAMOJA IKIKUSAHAU



Sisi wa Elwak tunajua kwamba jina la mji wetu lina maana ya visima vya Mungu. Kisimani maji ni ya wote, lakini kila mtu huja na kamba yake na ndoo yake, tena kuna zamu. Kompyuta ya pamoja, iwe ya shule au ya kituo cha vijana, ni kama kisima hicho. Somo letu leo ni juu ya ndoo: sehemu yako mwenyewe ndani ya mashine ya watu wengi, na la kufanya siku usipoiona.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, kiwe na katiba, na kiwe na kumbukumbu za mkutano wake. Makatibu wengi sasa huandika mambo haya kwa kompyuta, pamoja na daftari la akiba na mikopo. Daftari likipotea, nani atasema fulani ameweka ngapi na fulani anadaiwa ngapi? Hapo ndipo ugomvi huanza, na kikundi kinaweza kuvunjika.

Tuseme katibu wa kikundi cha akina mama anafika asubuhi. Jana stima ilikatika akiwa katikati ya kazi. Anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, lakini kioo kinaonekana kigeni. Picha yake haipo, faili zake hazipo. Pembeni kuna maneno ya Kiingereza yanayopita haraka. Anashtuka, anadhani yote yamefutwa, basi anaanza kuandika daftari upya kutoka kichwani. Saa tatu nzima. Jioni anatoka kwenye akaunti yake na kwenda nyumbani. Kesho yake daftari jipya nalo halipo.

Je, kosa lilikuwa wapi? La kushangaza ni hili: daftari la kwanza huenda lilikuwa bado salama ndani ya mashine. Lililopotea kweli ni lile la pili.

Profaili ni nini

Katika kompyuta za Windows, kila mwenye akaunti ana folda yake ndani ya diski C, katika folda iitwayo Users. Humo mna barua zake, picha zake na jinsi anavyopenda kioo chake kiwe. Hiyo ndiyo profaili. Ukiingia kwa jina lako, mashine hutafuta folda yako na kukufungulia.

Mashine ikishindwa kuifungua, haikufukuzi. Inakupa profaili ya muda, kama mgeni anayepewa kitanda cha usiku mmoja. Ukitoka, kitanda kinakunjwa, na kila ulichokiacha juu yake kinatupwa. Hii ndiyo iliyomla katibu wetu.

Inaharibika kwa nini

Sababu za kawaida ni nne:
- Stima kukatika, au mtu kuzima mashine kwa nguvu, wakati faili za profaili zinaandikwa.
- Diski C kujaa.
- Programu ya kuzuia virusi kushikilia faili ya profaili wakati wa kuingia.
- Msimamizi kufuta folda ya mtu kwa mkono ili apate nafasi. Folda inaondoka, lakini jina linabaki katika orodha ya ndani ya mashine. Mwenyewe akirudi, mashine inatafuta folda isiyokuwapo, basi inampa profaili ya muda. Na hapa faili zake zimekwenda kweli.

Hatua za kufuata

1. Simama. Usiandike lolote, usifute lolote. Haraka haraka haina baraka.
2. Angalia umeingia kwa jina la nani. Mara nyingi tatizo ni dogo tu: umekaa kwenye akaunti ya aliyekutangulia, au kwenye mashine ya jirani ambayo haina folda yako.
3. Kama ulikuwa umeshaandika kitu, kihifadhi kwenye flashi kabla ya kutoka.
4. Zima na uwashe mashine kwa utaratibu, kisha ingia tena. Rudia mara mbili au tatu. Mara nyingine hii yatosha.
5. Ikikataa, mwite msimamizi. Aingie kwa akaunti yake, afungue diski C, kisha Users, atafute folda yenye jina lako. Faili zako zikiwemo, azinakili kwenye flashi mara moja.
6. Aangalie nafasi ya diski. Ikiwa imejaa, amwage pipa la taka na kuondoa vitu vikubwa visivyo na mwenyewe, baada ya kuuliza.
7. Akufungulie akaunti mpya na kurudisha humo barua na picha zako tu. Asihamishe folda nzima, maana faili zilizofichwa ndani yake ndizo huenda zimeharibika.
8. Kuna njia ya kurekebisha ile orodha ya ndani, lakini ni kazi ya fundi. Ukikosea hapo, unaweza kuiharibu mashine kwa wote. Kama fundi yuko mbali, Wajir au Mandera, ngojeni. Mradi faili ziko kwenye flashi, hakuna haraka.

Kinga ni bora kuliko tiba

Kikundi kiwe na flashi mbili. Moja akae nayo katibu, nyingine mweka hazina, na daftari linakiliwe kwenye zote mbili kila baada ya mkutano. Nakala moja ya karatasi iwe sandukuni. Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti yako. Kuzima kioo hakutoshi, kwa sababu anayefuata atakaa kwenye ndoo yako. Neno la siri la eCitizen au la benki usikubali mashine ya pamoja ilikumbuke.

Msimamizi naye asifute profaili kwa kubofya folda. Katika mipangilio ya mfumo kuna sehemu ya profaili za watumiaji. Akifutia hapo, folda na jina huondoka pamoja. Hata hivyo amjulishe mwenyewe kwanza.

Tena ulizeni mapema: je, mashine hii imewekwa ijisafishe kila inapozimwa? Ziko maabara zinazofanya hivyo ili kuzuia virusi. Hapo hakuna kinachobaki, hata kama hakuna kilichoharibika.

Maswali ya kujadiliana

1. Daftari la kikundi chetu liko wapi leo? Mashine ile ikifa usiku huu, tutabaki na nini?
2. Ni nani mwenye akaunti ya msimamizi, na asipokuwepo tunamwendea nani?
3. Kisimani tuna zamu na kanuni. Kwa kompyuta yetu tumekubaliana kanuni gani?

Andikeni majibu, na kabla ya mkutano ujao jambo moja liwe limefanyika. Tunapendekeza lianze na flashi ya pili.