Kujipima Kabla ya Kujiunga na Masomo ya Mtandao

Wanachuo wengi hutuuliza kama wataweza kujiendeleza kwa njia ya mtandao baada ya kuajiriwa. Swali hili ni jema, ila mara nyingi huanzia kwenye simu na bei ya bando. Twashauri lianzie kwenye tabia ya msomaji mwenyewe.

Kusomea mbali na chuo si jambo geni kwa ualimu wa Tanzania. Kuanzia mwaka 1976, katika kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini. Walifundisha watoto huku wakijisomea masomo ya posta, wakisikiliza vipindi vya redio na kuongozwa na wakufunzi. Tuzingatie hilo la mwisho: palikuwa na mtu wa kuuliza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani, kikiwamo cha Kagera.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kihanga. Asubuhi yuko darasani. Jioni kuna madaftari ya kusahihisha, na msimu wa kahawa shamba nalo humwita. Huko hakuna kengele ya prepo. Kabla ya kulipa ada, na achague mada moja, ajipangie saa moja kwa siku nne za kila wiki, muda wa wiki mbili. Kisha ajibu:

(a) Kati ya siku nane, nilisoma ngapi bila kusukumwa?
(b) Nilipokwama, niliuliza au niliacha?
(c) Je, naweza kueleza nilichosoma, kitabu kikiwa kimefungwa?

Aliyetimiza siku sita au zaidi na kueleza vema, anaweza kujiunga. Aliyesoma lakini akakwama peke yake, kwanza atafute wenzake wawili wa kukutana nao kila juma. Aliyesoma siku mbili tatu tu, heri asubiri, au achague mafunzo ya ana kwa ana wakati wa likizo. Hiyo si aibu. Aibu ni kupoteza ada na mwaka mzima kwa jambo ambalo wiki mbili zingelidhihirisha.

Zoezi: Fanya jaribio hili muhula huu, nje ya saa za prepo, ulete daftari lako tulijadili.