Laptopu Inayochelewa Kuwaka

SWALI: Laptopu yangu ya Windows 10 ilikuwa inawaka mara moja. Siku hizi naiwasha, nachemsha chai, nikirudi bado inazungusha vidoti. Ni virusi?

JIBU: Virusi si mshukiwa wa kwanza. Mara nyingi tatizo ni programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapoamka: za muziki, za simu za video, za printa.

Msomaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha aende sehemu ya Startup. Zilizoandikwa High ndizo zinazochelewesha zaidi. Asizozihitaji azizime kwa Disable. Hazifutiki, zitafunguka atakapoziita. Kinga ya virusi asiiguse.

Hatua ya pili, humo humo katika Task Manager, ni Performance, kisha Disk. Ikiwa diski ni ya aina ya HDD, na inabaki asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwaka, mchawi huenda ni huyo. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, katika laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hurukaruka kutafuta vipande vya mafaili. SSD, aina nyingine ya diski, haina kinachozunguka, ndiyo maana ina kasi zaidi. Kwa laptopu ya zamani, kubadilisha HDD na kuweka SSD mara nyingi husaidia kuliko dawa nyingine.

Kabla ya kumpa fundi laptopu, anakili mafaili yake kwingine. Na kama diski inatoa sauti ya kugongagonga, anakili leo hii.